Udongo Mkavu Kwenye Barafu

Mtu akimuuliza Emiliana Chilongani anafanya kazi gani, humjibu kwa mkato, "Napima udongo." Zamani alikuwa anaeleza. Alikuwa anasema anachunguza vijidudu visivyoonekana kwa macho, vile vinavyoishi ardhini na kuusaidia mmea kupata chakula. Lakini siku moja pale Ipagala mama mmoja alimsikiliza mpaka mwisho, akatikisa kichwa kwa heshima, kisha akamuuliza kama ana dawa ya kunguni. Tangu siku hiyo Emiliana anapima udongo, basi.

Vijidudu vyake vya kwanza aliviua mwenyewe. Mama yake, Ruthu, alikuwa na kibuyu cha kugandishia maziwa, cheusi kwa moshi, hakijawahi kuonja sabuni tangu kitobolewe. Emiliana alikuwa mtoto, anataka kusifiwa. Akatia maji ya moto, mchanga na kipande cha sabuni ya mche, akakitikisa mpaka mikono ikauma, akakianika. Maziwa yaliyotiwa humo hayakuganda. Yalioza tu. Mama hakumpiga. Alinusa mdomo wa kibuyu, akakilaza chini taratibu.

"Umekiua," alisema.

Emiliana alihangaika na neno lile miaka mingi. Kibuyu kinakufaje? Ndani yake kulikuwa na nini cha kufa? Mwalimu wa kijijini alimwambia asilete mambo ya kienyeji darasani. Jibu alikuja kulipata chuoni, akiwa amechelewa na ana mtoto mgongoni, na alipolipata hakuachana nalo tena.

Sasa ni mtafiti wa cheo cha chini katika maabara iliyo nje kidogo ya mji wa Dodoma, na kwake ni Nzuguni. Jambo lililomkaa kichwani ni hili: hakuna anayejua ni vijidudu gani vinaishi katika ardhi ya nchi nzima. Kila maabara inajua kipande chake, na hicho chenyewe nusunusu. Alitaka udongo wa kanda zote ukutane mahali pamoja, uchukuliwe mvua za kwanza zinaponyesha, maana ndipo vijidudu vinapoamka, usomwe ukiwa bado hai. Maabara moja ya ng'ambo ilikubali kuusomea vinasaba vyake bure, mara moja tu, mashine yao ikiwa na nafasi. Mvua ikipita bila udongo kufika, basi.

Aliwapigia wenzake simu mwaka mzima. Alipiga saa ya chakula, amekaa nyuma ya jengo kwenye kivuli cha tangi la maji, sahani ya wali imepoa magotini.

"Mradi wa nani?" walimuuliza.

"Wetu."

"Wetu nani? Wafadhili ni nani?"

"Hakuna mfadhili. Ni sisi."

Hapo wengi walikumbuka kuwa wana kikao.

Aliyemwelewa alikuwa Castory wa Mbeya, mzee wa maabara za udongo, mtu ambaye nusu ya wapima udongo wa nchi hii wamepita mikononi mwake. Yeye ndiye aliyewashawishi wengine. Alimpigia Asma wa Tanga, alimpigia wa Mwanza, alimpigia wa Songea, na aliyebisha alimkumbusha nani alimfundisha kushika jembe la sampuli.

"Shikamoo kaka Castory," Emiliana alimwambia mvua zilipokaribia. "Udongo usipate joto njiani, nakuomba. Kwenye barafu mpaka Dodoma."

"Marahaba mdogo wangu. Wewe lala. Utaletewa udongo ambao hujawahi kuuona."

Mvua zikanyesha, kila kanda kwa wakati wake, na madeli ya barafu yakaanza kufika stendi kuu ndani ya mabasi. Emiliana alikwenda kuyapokea na Nurdini, fundi wa maabara, Mrangi wa Kondoa asiyejua kunyamaza, mtani wa Wagogo kama Emiliana. Wakayapakia kwenye bajaji kama wanavyopakia samaki.

"Dokta," alisema Nurdini, naye anajua fika Emiliana si daktari wa kitu chochote, "leo nchi nzima imekuja kwa Mgogo kuomba. Zamani ilikuwa kinyume."

"Nyamaza, shika deli. Nyie Warangi mkiachiwa kitu mnakimwaga."

Alikuwa anacheka. Nurdini alisema baadaye kwamba hakumbuki kumwona akicheka vile tena.

Maabarani alifungua la Mbeya kwanza, kwa heshima ya mwenyewe. Barafu ilikuwa bado ipo. Mifuko ilikuwa safi, maandishi yamenyooka, kila mmoja umefungwa mara mbili. Akautoa mmoja, akaubonyeza kwa vidole juu ya nailoni. Vidole vikazama. Udongo ukakimbia pembeni kama unga wa sembe.

Akabonyeza wa pili. Akafungua deli la Tanga, akaingiza mkono. Akafungua la Songea. Nurdini aliacha kupiga mluzi.

"Umekauka," alisema Nurdini.

"Umekaushwa."

Akampigia Asma palepale, simu mezani, sauti imefunguliwa.

"Asma, udongo mliukausha?"

"Ehee! Umefika? Tumeukausha kivulini, juu ya magazeti, tukauponda, tukauchekecha. Mpaka mzee Castory akatupigia kuhakikisha. Kwani kuna tatizo?"

"Nilisema barafu."

"Na barafu tumetia, dada. Tumetia mpaka dereva akalalamika. Sasa ulitaka tutume udongo mbichi? Ungevunda, ungetuaibisha huko."

Hakukuwa na wa kumlaumu. Anayepima rutuba ya udongo huanza kwa kuukausha. Ndivyo walivyofundishwa wote, Emiliana naye akiwemo, na ndivyo Castory alivyowachapa watu mikono miaka nenda rudi: udongo mbichi haupimwi. Kwa rutuba ni sawa kabisa. Kwa vijidudu ni kuchukua bwawa, kulikausha, halafu kuhesabu samaki. Emiliana alisema barafu. Kusema msikaushe hakukumjia kichwani, maana kwake yeye lilikuwa jambo la kujulikana kama kutomzika mtu aliye hai.

Mfuko mmoja tu ulikuwa na unyevu wake, wa Kondoa, aliouchimba Nurdini.

"Huo sikuukausha kwa sababu nilikuwa nawahi harusi," alisema Nurdini. "Uvivu umekuwa elimu." Hakuna aliyecheka, hata yeye.

Emiliana alijaribu hivyohivyo. Alilowesha udongo wa kila kanda, akaupaka kwenye visahani vya chakula cha vijidudu, akasubiri. Asubuhi alikuwa anaingia maabarani bila kumsalimia mlinzi, na si tabia yake. Vikaota. Kwa muda mfupi alidhani ameponea hapo. Kisha akavipanga visahani mezani pamoja: Mbeya yenye baridi, Tanga ya joto, Songea, Mwanza. Karibu vyote vilikuwa na madoa yaleyale meupe yenye kingo za kukunjana. Ni vile vijidudu vigumu vinavyojifunga kama mbegu na kuvumilia jua. Vingine vyote, vile ambavyo hakuna aliyewahi kuvipa jina, vilibaki kwenye magazeti ya Castory.

Aliwaandikia wale wa ng'ambo akawaeleza ukweli. Walimjibu kwa upole kwamba wanasikitika, na kwamba nafasi ya mashine imepewa wengine.

Kikao cha kupokea kazi kilikuwa kimeshapangwa, Mtumba kwenye mji wa serikali, katika ukumbi unaonukia rangi mpya. Mkuu wa kitengo, Mama Lydia, alikuwa mtu mwema. Alimshika Emiliana begani mbele ya watu.

"Udongo wa kanda zote upo?"

"Upo, mama, lakini..."

"Umekauka vizuri, umechekechwa?"

"Ndiyo tatizo lenyewe, mama. Vijidudu vimekufa."

"Sasa si tupime rutuba?" Mama Lydia aliwageukia wengine. "Jamani, lini kanda zote zimewahi kuleta udongo mahali pamoja bila hata senti ya posho?"

Watu walipiga makofi. Walipiga kwa dhati, na hilo ndilo lilimmaliza. Emiliana alisimama.

"Naomba niseme. Rutuba imepimwa tangu sijazaliwa. Tulichokusudia ni kingine."

"Emiliana, mwanangu," alisema Mama Lydia taratibu, "umefanikiwa. Kubali kufanikiwa."

Ikaletwa chai na sambusa. Kabla vikombe havijatolewa, ushirikiano wa kutafuta vijidudu ulikuwa umeshakuwa mradi wa rutuba, na jina la Emiliana limewekwa la pili kutoka juu. Mtu mmoja alimpongeza, akamuuliza mbolea ipi inafaa kwa alizeti.

Castory alipiga simu siku iliyofuata. Emiliana aliiangalia ikiita. Angeweza kumshukuru tu, akaishia hapo. Nurdini alikuwa anaosha vyombo kwenye sinki, amempa mgongo makusudi.

"Shikamoo kaka."

"Marahaba. Nasikia mmepigiwa makofi! Vijana wangu hapa wamefurahi sana. Nilikwambia utaletewa udongo. Umeonaje?"

"Kaka Castory, ule udongo ulitakiwa uje na unyevu wake. Kukausha kumeua vyote. Hatukupata kitu."

Upande wa pili zilisikika sauti za watu wakicheka mbali, na mlango ukifungwa.

"Niliwasimamia mwenyewe," alisema Castory. "Kuna kijana wa Songea alitaka kutuma mbichi. Nilimfokea sana."

Emiliana aliuvuta karibu mfuko wa Songea, akaubonyeza.

"Sasa si ungesema, mdogo wangu."

"Ningesema."

"Basi mwaka kesho tunarudia. Mvua zikianza tu." Akasita. "Ila mimi mwaka kesho sitakuwepo. Nastaafu mwezi wa sita. Utaongea na hao vijana wewe mwenyewe."

"Nitaongea nao."

Wote wawili walijua vijana hao walimtii nani. Wakaagana kwa kuulizana habari za nyumbani, kama watu wanavyofanya. Emiliana akaweka simu mezani. Mhudumu wa stoo alikuwa amesimama mlangoni na toroli, ametumwa kuuchukua ule udongo wa rutuba. Emiliana alimwonyesha mahali ulipo, akamsaidia kupakia.