Drili ya Betri kwa Mlango wa Baba

Baba yangu alikuwa na tabia ya kuingia dukani na kipande cha mbao mfukoni. Koti lake la kazi lilining'inia upande mmoja kwa sababu ya kipande hicho. Kabla hajanunua msumeno, patasi au keke, ile ya kutobolea mbao kwa kuzungusha mkono, alikitoa, akakiweka juu ya kaunta na kuomba ajaribu. Muuzaji aliyekataa hakumwona tena.

Alikuwa na kipimo cha pili, na hicho ndicho kilichotuchekesha sisi wanawe. Alikishika kifaa, akanyoosha mkono mbele yake, kisha akaanza kumsalimia mwenye duka. Kwetu Mbozi salamu haziishi upesi. Utaulizwa watoto, utaulizwa mvua, utaulizwa kahawa imechanua vipi mwaka huu na yule ng'ombe aliyekuwa anachechemea anaendeleaje. Mkono ukianza kutetemeka kabla salamu hazijaisha, kifaa kilirudi kilipotoka. Alisema chombo kizito kinamfanya fundi aharakishe, na fundi mwenye haraka anaharibu mbao za watu.

Siku hizi ninauza vitenge Tunduma, karibu na mpaka, na wateja wangu wengi ni akina mama wa Zambia wanaoniita bamayo, yaani mama, huku wakinikata bei bila huruma. Baba hayupo tena. Mama amebaki Isansa, kijijini kwetu Mbozi, katika nyumba ya tofali za kuchoma aliyojengewa na baba, yenye mlango wa mbele wa mninga ambao mbao zake baba alizifuata mwenyewe Msangano. Ni mlango mzuri sana, na una kasoro moja ambayo familia nzima imekua nayo. Baba aliuweka kwanza, sakafu akaimwaga baadaye, na saruji ikapanda kuliko alivyokadiria. Tangu hapo mlango unaburuza chini. Kuufungua, unaweka bega, unaingiza goti, unauinua kidogo, ndipo unasukuma. Tulijifunza hivyo tukiwa wadogo na tukaona kila nyumba duniani inafunguliwa kwa goti.

Mama alimwambia baba aukate. Baba akasema kesho. Kesho hiyo haikufika, kwa sababu baba alikuwa na sheria yake: fundi hafanyi kazi ya nyumba yake wakati ya jirani inasubiri. Na ya jirani ilikuwa inasubiri siku zote. Leo kitanda cha huyu, kesho paa la kanisa, keshokutwa jeneza, na jeneza haliwezi kuambiwa lingoje. Mama akirudi kisimani na ndoo ya maji alisimama nje na kuita, baba akaacha alichokuwa anafanya uani, akaja kumwinulia mlango.

Msimu wa mvua uliopita, mninga ulipovimba, mama aliuinua mlango peke yake akiwa na ndoo mkononi, akateleza. Kifundo cha mkono kikavimba. Alipona, lakini kaka yangu mkubwa, anayeishi Vwawa, akasema imetosha. Ama tuweke mlango wa chuma, ama mama ahamie kwake. Mama hakutaka kusikia habari ya chuma, na habari ya kuhama aliijibu kwa kuendelea kupeta maharage kama mtu asiyesikia. Kaka akatangaza kwamba Jumapili baada ya ibada atakuja na gari kumchukua. Nilimwomba jambo moja tu: mama akiweza kufungua mlango ule mwenyewe, kwa mkono mmoja, ndoo ikiwa mkono wa pili, aachwe kwake. Kaka alicheka, lakini alikubali.

Mafundi wa pale kijijini walikwisha kuangalia, na kila mmoja alitaka kuung'oa na kuutupa. Basi nikaamua kuufanya mwenyewe. Nitasema ukweli, tangu utoto nilitamani kushika vifaa, na baba alinipa msasa tu. Mikono yangu sasa imezoea kupima vitenge, haina nguvu ya kukata mninga kwa msumeno wa mkono. Na nguzo za umeme ziliishia barabarani, nyumba yetu iko bondeni, ina sola ya kuwasha taa na kuchaji simu tu. Kwa hiyo nilihitaji vifaa vya betri.

Kabla sijaenda dukani nilipita Isansa, nikafungua sanduku la baba. Kile kipande kilikuwa humo, kimejaa matundu. Nilikigeuza nikaona ni mninga, wekundu uleule, masalio ya mbao za ule mlango. Miaka yote ile alikuwa anatembea na mlango wa mama mfukoni. Nilikaa pale chini na sanduku lake mapajani.

Muuzaji wa Tunduma alikuwa mwanamume wa Tanga, mwenye kofia safi na maneno laini. Alinikaribisha vizuri, kisha akauliza fundi wangu yuko wapi ili aongee naye. Nikamjibu kwamba fundi amelala Isansa, hawezi kuja, nimekuja kwa niaba yake. Akamwombea apone haraka. Nikaitikia amina, sikuwa na nguvu ya kueleza.

Alinitolea sanduku jekundu kubwa kama jeneza la mtoto. Ndani mlikuwa na drili, msumeno, mashine ya kukatia chuma, tochi, hata redio. Sitaficha, redio ile ilinilegeza. Nilijiona uani kwetu nikipiga kazi na muziki juu. Nikaishika drili, nikanyoosha mkono, nikaanza kumuuliza habari za nyumbani, za watoto, za Tanga, mvua za huko zikoje. Alijibu mawili matatu huku ananitazama kwa wasiwasi. Tulikuwa hatujafika kwenye minazi, mkono ukaanza kucheza. Nikatoa kipande cha mninga nikaomba kujaribu. Akasema hili ni duka, si karakana. Nikamwambia sawa, nikaanza kukunja kanga yangu niondoke, naye akatafuta betri yenye chaji. Drili ile ilipiga kelele nyingi kuliko kazi. Ilifika katikati ya mninga, ikagoma, ikatoa harufu ya kuungua. Tena nikagundua kila mashine katika sanduku lile ina betri ya umbo lake, moja haiingii kwa nyingine. Ukiishiwa ya drili, ya redio haikusaidii, labda ikuimbie.

Chini kabisa palikuwa na mfuko wa turubai usio na mbwembwe: drili moja, msumeno mmoja wa duara, betri mbili zinazoingia kotekote, na chaja. Drili hiyo niliinyoosha na muuzaji akawa ameshaelewa mchezo, akanisalimia yeye. Tulimaliza Tanga nzima, tukarudi Mbozi, tukaulizana kahawa, mkono umetulia. Na mninga ukatobolewa hadi upande wa pili bila fujo. Niliuchukua mfuko huo. Redio niliiacha kwa majonzi.

Nilizichaji betri zote mbili Tunduma, na Jumamosi asubuhi nikawa Isansa. Hapo ndipo nilipokosea, kosa ambalo hata mama alishindwa kulikemea. Nilijaribu drili kwenye gogo, mara moja tu, na sauti ikashuka bondeni. Jirani wa kwanza alikuja na kigoda kilicholegea mguu. Wa pili akaleta mlango wa banda la kuku. Wengine wakafuata na vichanja vya kuanikia kahawa, kwa sababu mavuno yalikuwa yanakaribia. Walisema fundi amerudi nyumbani, na mimi, kwa kusikia neno hilo, nikavimba kichwa. Nilitoboa, nilikaza skrubu, nilikata. Mama alikuwa amekaa kibarazani, anatazama.

Betri ya kwanza iliisha mchana. Ndipo nilipoung'oa mlango na kuulaza juu ya magogo. Nilianza na matundu mapya ya bawaba, maana ya zamani yalikuwa yamelegea na kuuangusha zaidi. Mninga ulikunywa chaji kama mgeni aliyetoka safari. Nilipoihamishia ile betri ya pili kwenye msumeno, ilikuwa imebakiza taa moja tu, na ukingo wote wa chini haujakatwa. Nyumba iko wazi, kaka anakuja kesho, na Tunduma si karibu.

Wakati huohuo akatokea shoga wa mama, ambaye sisi humwita mama mdogo, amebeba kichanja chake kichwani. Alikishusha miguuni pangu, akasema ni matundu mawili tu, haitachukua muda.

Nilimwona baba dhahiri. Baba angesema lete. Mdomo wangu ulikwisha kufunguka kusema hivyohivyo.

"Mama mdogo, nisamehe," nikasema. "Leo mlango wa mama kwanza."

Niliogopa kwamba nimelitia aibu jina la baba mbele ya watu. Mama mdogo alinitazama, akamtazama mama, kisha akakisukuma kichanja pembeni, akaja akashika mlango upande mmoja ili usicheze nikikata. Mama akainuka kibarazani, akashika upande wa pili.

Msumeno ulikwenda. Ulipungua sauti karibu na mwisho, ukanung'unika, ukafa kabla ya kumaliza, umebakiza kipande cha upana wa kiganja. Nilichukua msumeno wa baba sandukuni, nikamalizia kwa mkono, natoka jasho na kulia kidogo, sijui kipi kilikuwa kipi. Halafu nikapitisha randa yake. Tuliurudisha mlango mahali pake jua likiwa bado juu ya migomba, na skrubu za mwisho nilizikaza kwa bisibisi, kwa kifundo changu mwenyewe.

Mama alichukua ndoo, akaenda kisimani ingawa maji yalikuwepo. Aliporudi alisimama nje ya mlango uliofungwa. Alisimama muda, ndoo mkononi, kama alivyosimama maisha yake yote, na nikaona midomo yake inaanza kuita. Akajizuia. Akausukuma kwa mkono mmoja, ukafunguka.

Hakuingia mara moja. "Tangu niolewe," akasema kwa Kinyiha, "leo ndiyo mara ya kwanza kusikia neno hilo katika nyumba hii. Mlango wa mama kwanza." Kisha akapita, akaiweka ndoo chini.

Jumapili kaka alifika na gari, amevaa suti ya kanisani. Hakubisha hodi, mtoto wa nyumba habishi. Aliweka bega, akaingiza goti, akainua na kusukuma kwa nguvu zake zote, mlango ukampisha, akaingia ndani kwa mikono na magoti hadi karibu na meza. Mama alicheka hadi akashika ubavu. Kaka alijifuta vumbi, akageuka akautazama mlango, akaufunga, akaufungua kwa kidole. Habari ya kuhama hakuitaja. Alikunywa chai, akala viazi, akaomba kuiona drili.

Nilipokuwa namwonyesha, mama alikwenda mlangoni na kuufunga mwenyewe. Akarudi, akakaa kando yangu.

"Ni mwepesi," akasema. "Sasa sina sababu ya kumwita baba yenu."

Nilimshika mkono, ule uliovimba wakati wa mvua. Kaka alikuwa amenyoosha drili mbele yake, mkono umetulia, anamuuliza mama habari za kahawa.