Karani Aliyeutetea Mfereji Mbele ya Baba Yake

Saa nne asubuhi ukumbi wa chuo cha mahakimu mjini Iringa umejaa hadi madirishani. Waliokosa viti wamekaa sakafuni, wengine wako nje kwenye baridi, wanachungulia. Kashindye Nkuba anasimama, anafunga kifungo cha juu cha koti lake, anasema "Ndugu Mwenyekiti", kisha ananyamaza.

Baba yake ameingia mlangoni.

Mzee Nkuba ametoka bonde la Usangu kwa basi. Amelala Ipogolo, chini ya mji, na alfajiri amepanda kilima kwa miguu pamoja na wafugaji wenzake wawili. Wamesikia kwamba kijana wao leo atazungumza habari za maji mbele ya wanasheria. Hawajui kwamba kura imemtupa upande wa pili.

Hoja ya mdahalo huu wa mwaka 1976 ni kwamba mifereji yote ya mashamba ifungwe kiangazi, ili maji ya mto yaifikie mifugo iliyo chini. Kashindye amepangiwa kuipinga.

Ni karani wa mahakama ya mwanzo mjini Mbeya, ana miaka ishirini na minane, na anaishi huko mtaa wa Soweto na mkewe. Yuko Iringa kusomea uhakimu. Alikuwa mtoto mdogo wazazi wake walipohama Shinyanga na ng'ombe wao kufuata malisho ya Usangu.

Kiangazi kilichopita, mto ulikauka kabla ya kufika kwao. Juu yao kuna mfereji wa mkulima wa mpunga aitwaye Yotamu na majirani zake, wenye kibali cha serikali cha kutumia maji ya mto. Mzee Nkuba alipoteza ng'ombe tisa. Tangu siku hizo yeye na Yotamu hawasalimiani.

"Kura ilipoangukia upande ule nilikosa usingizi," anasema Kashindye. "Nikamwendea Mwalimu Isakwisa, nikamwomba anibadilishe. Akaniuliza, ukishakaa kwenye kiti cha hakimu, kesi usiyoipenda utambadilishia nani?"

Mwalimu Isakwisa ndiye anayefundisha somo jipya la sheria za ardhi na maji. Anaamini somo hilo haliingii kichwani kwa kukariri vifungu. Ndiyo maana hata Mwanakhamisi Jaha, ambaye baba yake anauza mchele mjini Mbeya, alijikuta akitetea mifereji ifungwe. Alicheka alipoambiwa, kisha akajifungia maktaba.

Kashindye hakwenda maktaba. Siku ya mapumziko alipanda basi hadi Usangu na, bila kupita nyumbani, akaenda moja kwa moja kwa Yotamu. Mkulima huyo alimpokea kwa mashaka. Alipoelewa shida iliyomleta, alimtembeza kando ya mfereji mpaka jua likazama. Kashindye, aliyezoea kuuona mfereji ule kama mwizi wa maji, aliona wanawake wakiteka humo maji ya kunywa na ya kupikia, kaya moja baada ya nyingine.

Anasema aliondoka akiwa amechangamka kama mtu aliyefunguliwa dirisha. Ndani ya basi alikuwa akijihutubia kwa sauti, abiria wakimtazama.

Sasa ukumbini, baada ya ule ukimya, anaendelea. Anaanza taratibu, halafu sauti inapanda. Wanafunzi wanapiga meza. Mwanakhamisi anainuka na kumbana: je, kibali cha maji ni ruhusa ya kumkausha aliye chini? Kashindye anajibu, anabanwa tena, anajibu tena. Mwenyekiti anagonga kengele, hakuna anayemsikia.

Kisha Mzee Nkuba ananyoosha fimbo yake na kuomba kuuliza. Ukumbi unatulia.

"Ng'ombe hajui kusoma kibali," anasema. "Wale wangu tisa wangekwenda kulalamika ofisi gani?"

Kashindye anamgeukia.

"Baba, ng'ombe wale tuliwachuna pamoja. Lakini kwenye mfereji wa Yotamu kuna watoto wanaokunywa. Tukiufunga kabisa, kiu hatuiondoi, tunaihamisha. Mimi nasema ufungwe kwa zamu, si kwa hasira."

Mzee anakaa.

Kura inapigwa kwa mikono. Upande wa Mwanakhamisi unashinda kwa kura chache. Lakini mikono ya wanaoipinga hoja inapohesabiwa, nyuma kabisa unaonekana mkono wa Mzee Nkuba. Mwenyekiti anamweleza kwa heshima kwamba wageni hawapigi kura. Mzee anajibu kwamba amesikia, na mkono anauacha juu. Ukumbi mzima unalipuka kwa makofi, Mwanakhamisi akiwa wa kwanza kusimama.

"Nilishindwa, lakini sijawahi kufurahi namna ile," anasema Kashindye.

Akimsindikiza baba yake kuteremka Ipogolo, aliulizwa maswali njia nzima: zamu ya namna gani, nani atashika mlango wa mfereji, nani atamsimamia huyo mshikaji. Siku chache baadaye Mzee Nkuba alikwenda mwenyewe kwa Yotamu. Kiangazi hiki mlango wa mfereji unafungwa kuanzia jioni hadi alfajiri, na maji yamefika kwenye malisho. Ni machache, lakini yamefika.

Kashindye atamaliza masomo mwakani. Ameomba kupangiwa mahakama ya Usangu, na ana mpango wa kuitisha midahalo ya wazi vijijini kabla magomvi ya maji hayajageuka kesi. Sharti lake ni moja: mfugaji atamsemea mkulima, na mkulima atamsemea mfugaji.

Mdahalo wa kwanza haujapangiwa tarehe, lakini Mzee Nkuba ameshaomba nafasi. Inasemekana jioni, akirudisha ng'ombe zizini, husikika akiutetea mpunga kwa sauti kubwa.