Chupa ya Maji ya Naviundu

Cheka ukitaka, mimi sitakuzuia. Ilikuwa saa sita mchana, jua kali, hapahapa Lubumbashi, na sikuwa nimekunywa hata tone la pombe.

Chuo kilitutaka walimu wote tufungue profil kwenye mtandao. Unaweka jina, mashine inakuletea maandishi yako na kuhesabu wote walioyataja. Bila hiyo hupandi grade, yaani cheo. Nikaenda cyber ya Maman Béa, nikaketi kwenye kompyuta, nikaandika jina langu. Ikaleta makala moja tu, ile ya maji ya mto Naviundu, ambayo wengi wameitaja. Ikaniuliza: kazi hii ni yako? Nikabonyeza ndiyo.

"Vieux, na miye unifungulie."

Nikageuka kuona nani ananiita mzee. Alikuwa Kalala, ameketi kiti cha pembeni. Nielewe vizuri: Kalala niliyesoma naye, aliyekufa zamani, wakati ule Wakasai walipofukuzwa Katanga, wakalala majuma mazima kwenye gare wakingojea treni. Alikuwa kijana vilevile, shati lilelile, viatu vimejaa vumbi la makaa la pale gare. Mimi nina mvi. Wewe ungekimbia? Mimi niligeukia kompyuta.

Nikaandika jina lake. Mashine ikajibu kwamba hakuna kitu.

"Hakuna?" akauliza polepole. "Na ile maji tulikuwa tunachota kila samedi?"

Kweli, kila Jumamosi tulikuwa Naviundu. Yeye ndiye aliyeingia mtoni hadi kiunoni kujaza chupa za kupima, mimi nikiandika namba za vipimo ukingoni. Siku ya mwisho, pale gare, alinipa daftari letu: "Uniwekee. Nikirudia, tutaandika sisi wote mbili." Alifia njiani. Nami nikaandika peke yangu, jina lake nikaliacha, nikijiambia marehemu hapandi grade. Mungu wangu, aibu niliyoiona pale mbele yake!

"Siko na hasira, vieux," akasema. "Niko nauliza tu."

Nikafunika uso, nikalia kama mtoto.

"Prof, iko nini? Unalia juu ya nini?" Maman Béa alikuwa amesimama mbele yangu. Kiti cha pembeni kilikuwa kitupu. Juu yake palibaki chupa ya maji, imebandikwa kikaratasi chenye mwandiko wa Kalala: Naviundu, samedi.

Niliwaandikia waliochapa makala ile, nikakiri. Sasa jina lake liko la kwanza. Ombi langu la grade nililiondoa. Kisha nikamtafuta binti yake, nikampata Likasi, nikamsomea makala kwa simu.

"Tonton," akasema, "kumbe papa alikuwa anaandika? Siye tulijua alikuwa anakubebea tu machupa."

Chupa ile iko mezani kwangu hadi leo. Sijathubutu kuimwaga.

Basi nawe unayefungua profil yako, ikikuuliza kama kazi ni yako, tafadhali usibonyeze haraka. Kumbuka kwanza ni nani aliyeingia majini.