Nilivyoenda Kumrudisha Fundi

Biashara ikikufa watu wanakuja kukupa pole. Ikifufuka ndiyo unajikuta peke yako.

Mimi nashona yunifomu za shule hapa Mbotela, na watu huniita shosho, yaani nyanya. Ile corona ilikuja, shule zikafungwa, sasa nani atanunua sweta? Nikawaambia mafundi wangu waende nyumbani kwanza. Shule zikafunguliwa, wazazi wakajaa kwa mlango yangu kama kuku zimeona mahindi, na mkataji hayuko. Wa kushona nilipata. Lakini wa kukata kitambaa bila kuharibu ni yule mzee mmoja tu, na bila yeye oda ya shule nzima yenye nilikuwa nimepewa ilikuwa inaenda kwa jirani, mwanamke mwenye anashona mfuko ya suruali kama imelewa.

Msichana wangu wa kuzaa, huyu alisomea mambo ya biashara, akasema mzee atumiwe meseji. Akatumiwa. Akajibu, "Nimeona." Nimeona tu, kama askofu.

Nikajiambia, huyu si mfanyakazi tena, huyu ni bibi amerudi kwao. Na bibi akirudi kwao hatumiwi meseji, unaenda kumchukua. Nikavaa kitenge yangu ya harusi za watu, nikanunua sukari, majani ya chai na unga, nikampatia msichana abebe. Alinung'unika mpaka Makadara kwa mzee, ati kwa ofisi za maana hakuna meneja anapelekea mtu unga.

Tukakaribishwa. Mzee amekaa, kitambi mbele, anaangalia ukuta kama msichana anaposwa. Nilijikaza nisicheke mpaka mbavu zikauma. Nikaanza vile wazee wetu huanza, kwamba kuna kitu yangu ilipotea na nasikia iko kwa hii boma. Bibi yake akauliza ni kitu gani. Nikamwambia inakula sana lakini inakata vizuri.

Mzee akaleta masharti. Meza yake ikae karibu na dirisha. Redio ikae upande wake. Chai ya saa nne ikuje na kitu ya kutafuna. Nikakubali yote. Halafu akakohoa, akasema bado anafikiria, labda wiki ijayo, kuna watu wengine wamemuongelesha. Hapo nikajua ni yule jirani yangu wa kushona.

Bibi yake akaingia chumbani. Akarudi na mkoba, makasi na futi ya mzee ya kupimia zimo ndani, akaniwekea kwa magoti.

"Mimi sijakubali," mzee akasema.

"Mimi nimekubali. Shosho, mchukue. Tangu akae hapa ananifundisha kukata mboga ya sukuma. Ananisimamia, ati imetoka nene."

Msichana wangu akaficha uso nyuma ya pakiti ya unga. Mzee akasimama, akavaa kofia, akatoka bila kuniangalia. Mimi mdosi, mwenye kazi, nikafuata nyuma na mkoba. Kila mtu kwa njia alimsalimia yeye, na yeye akaambia kila mtu ati anaenda kazi kidogo, kuna mama amemsumbua sana.