Usitie Saini Peke Yako

Mwanangu unayenisikiliza, naikumbuka asubuhi ile mdogo wangu Maganga alipoteremka stesheni ya Tabora. Kwanza nilicheka. Rubani wa ndege za kukodi, mtu anayewafikisha matajiri mbugani kabla chai yao haijapoa, amekuja nyumbani kwa treni, mgongo umekakamaa kwa kukaa, na pale Tura walisimama saa nzima wakingoja njia.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Vipi, ndege zimekatika mbawa, au umefukuzwa?"

"Bado," akasema, wala hakutabasamu. Nami nikaacha kucheka.

Unijue kidogo kabla sijaendelea. Mimi ni Kalunde, wa kwanza kati ya watoto wanne. Wazazi wetu walifariki tukiwa Goweko, mama akitangulia, na baba hakuumaliza mwaka. Niliacha shule darasa la sita nikaja mjini kuchambua tumbaku ili wadogo zangu wale na wasome. Maganga, kitindamimba wetu, alisoma mpaka akapaa. Sisemi haya nisifiwe. Nasema ili ujue kwamba woga wa mtu mwenye midomo ya kulisha mimi sisimuliwi. Nimelala nao kitanda kimoja.

Nilimwekea matobolwa, vile viazi vitamu vya kukausha, na karanga. Hakugusa. Alitoa barua mfukoni akaiweka mezani.

Kampuni yao ina marubani tisa. Watano wamejiunga na chama cha wafanyakazi, na chama kikiwa na zaidi ya nusu ya watu, mwajiri hana budi kukaa nacho mezani. Mwakilishi wao ni mmoja wa hao watano, Kapteni Rehema. Siku moja Rehema alikuwa kazini tangu alfajiri. Jioni akaambiwa aruke tena, maana mteja mzito amebadili mawazo. Akasema saa zake za kazi kwa mujibu wa sheria zimekwisha, na hatapaa anasinzia huku amebeba roho za watu. Kesho yake akasimamishwa kazi.

Kisha barua zikaanza kugawiwa, kwa mmoja mmoja. Jitoe kwenye chama, upewe mkataba mpya wa miezi mitatu mitatu. Asiyetia saini hapangiwi safari. Na rubani asiyeruka muda mrefu, mwanangu, leseni yake inalala. Lazima apimwe upya kabla hajashika tena usukani.

"Nikitia saini watabaki wanne," Maganga akasema. "Wanne kati ya tisa, hapo chama kimekwisha, na Rehema harudi. Lakini nina watoto, dada."

"Kwa hiyo umepanda treni kuja kuomba ruhusa."

Basi nikamweleza jambo ambalo sikuwahi kumwambia, kwa aibu.

Nilikuwa na miaka kumi na tisa, na yeye ndiyo kwanza ameanza darasa la kwanza. Ghalani tulikuwa wanawake thelathini hivi, tukitenga majani ya tumbaku kwa madaraja. Asubuhi moja nyapara alimfukuza Mama Zuhura, kwa kuwa vumbi lilikuwa likimkohoza naye ameomba kukaa karibu na dirisha. Wenzangu wakaketi chini mlangoni, wakanyoosha miguu, wakasema hawaingii mpaka aingie naye.

Mimi nikafikiria sufuria tupu nyumbani. Nikaruka miguu ya wenzangu, nikaingia, nikafungua mtumba wa kwanza peke yangu.

"Huyu ndiye mwenye akili!" nyapara akapaza sauti ili walio nje wasikie. Waliponiona mimi ndani, wakaingia wawili, kisha watano. Ilipofika saa nne wote walikuwa wameinamia majani, na Mama Zuhura alikuwa anarudi kwake mtaa wa Ng'ambo, kanga amejifunga kichwani, bila kazi.

Ghalani palikuwa na mzee mmoja mshona magunia, Mzee Mihambo. Babu yake alikuwa mpagazi, wa wale waliobeba pembe za ndovu kutoka hapa Unyanyembe hadi pwani. Aliniita.

"Binti, wewe ni Mnyamwezi wa wapi?"

"Wa Goweko, babu."

"Huko Goweko hawakukufundisha? Njiani kirangozi, kiongozi wa wapagazi, ndiye aliyekuwa mbele, na asubuhi ndiye aliyeanza kuinua mzigo. Mmoja wao akiongezewa mzigo kupita desturi, kirangozi hainui. Asipoinua yeye, hainui mtu. Mizigo yote chini, na mwenye msafara akae juani na bunduki yake. Bunduki haibebi pembe."

"Na aliyeinua kabla ya kirangozi, walimwitaje?"

"Hawakumwita," akasema. "Hata kwenye ugali hakuitwa."

Nikapandwa na kiburi. "Babu, mimi nina yatima watatu nyumbani."

"Ndiyo maana ungekuwa wa kwanza kuketi. Mwenye yatima ndiye anayehitaji watu."

Niliondoka nikimsonya moyoni. Miezi miwili haikupita, nyapara akanitoa mimi, akamweka shemeji yake. Niligeuka kuwatazama wenzangu. Hakuna aliyesimama, na walikuwa na haki. Aliyenipokea ni Mama Zuhura. Alinipa nafasi kwenye kibaraza chake, tukauza vitumbua pamoja miaka mingi, wala hakunikumbusha hata siku moja. Hilo liliniuma kuliko tusi.

Maganga alisikiliza mpaka mwisho, kisha akakunja uso. "Pole, dada. Lakini ndege si tumbaku. Sisi ni wataalamu, kila mtu ana mkataba wake."

"Mtaalamu anayefukuzwa kwa kusema amechoka ni mpagazi aliyevaa tai."

"Ni rahisi kusema. Barua hawakukuletea wewe."

"Aliyekusomesha ni muuza vitumbua aliyefukuzwa ghalani," nikamwambia. "Je, ulilala njaa?"

"Hapana."

"Basi wanao hawatalala njaa nami niko hai. Usiwafanye watoto kisingizio. Kisingizio hicho nilishakitumia mimi, kimechakaa."

Akavuta sahani ya matobolwa, akala yote.

Aliporudi kazini aliwatafuta wenzake. Walikwenda kwa meneja wote watano, Rehema akiwa katikati, wakaweka barua mezani bila saini hata moja. Meneja akawatupia methali: mwenzako akinyolewa, wewe tia maji. Akawasimamisha na wale wanne siku hiyohiyo. Maganga akanipigia simu. Nikamwambia alete watoto. Wakaja, wakala nilichonacho.

Lakini marubani wanne waliobaki kazini hawawezi kuruka safari za tisa, na matajiri hawajazoea kungoja. Siku ya kumi na moja chama kiliitwa mezani. Rehema anaruka tena. Maganga anaruka. Ile mikataba ya miezi mitatu bado inabishaniwa, na meneja yule bado anawaita kwa mmoja mmoja akitafuta wa kumvunja. Sikuambii vita vimekwisha.

Nakuambia hivi, mwanangu, uwe unashika usukani wa ndege, au jembe, au chaki. Methali ile ya kunyolewa nimeichoka. Wanaipenda wenye wembe. Mwenzako akinyolewa kwa nguvu, usikimbilie maji; shika mkono wa mwenye wembe, tena mshike na wenzako, maana kidole kimoja hakivunji chawa. Jiunge na chama ungali na kazi, si siku ya kufukuzwa. Karatasi unayopewa faraghani, na kuambiwa usimwonyeshe mtu, waonyeshe watu. Ukisifiwa akili siku ambayo mwenzako analia, jichunguze. Na ukiwa umeshakosea, kama nilivyokosea mimi, usifanye kosa lako kuwa dini. Tubu, usimame na wanaosimama leo. Wapo watakaosema mnyonge hana haki. Mnyonge mmoja, labda. Watano walioketi pamoja si wanyonge, na mwajiri analijua hilo kabla yao, ndiyo maana barua huzigawa kwa mmoja mmoja.

Nenda, mwanangu. Mungu akupe wenzako wasiokuacha, nawe akufanye usiyewaacha. Akupe riziki ambayo hukuipigia magoti mbele ya mwanadamu, na watoto wako waile wakijua hivyo. Amina.