Mtandao Hauna Mchwa

Jumamosi moja mwezi huu mdogo wangu wa kike alikuja nyumbani na kompyuta ndogo mkobani, akaketi barazani, akaniuliza swali nililokuwa nikilikwepa kwa miaka minane.

"Kaka, ile tovuti yetu ya miraba iliitwaje?"

Nilikuna kidevu kama mtu anayelitafuta jina. Nikasema ngoja niangalie kama ng'ombe amekunywa maji. Jina nilikuwa nalo mdomoni tangu mwanzo.

Mwezi ujao watu wa upande wa kijana atakayemwoa wanaleta mbuzi za ntheo, zile mbuzi za kwanza ambazo kwetu Ukambani hufunga maneno kati ya nyumba mbili. Nitakaa mimi mahali ambapo baba angekaa. Mdogo wangu hakuniomba nguo wala hema. Anataka siku hiyo abebe kiondo cha mama yetu. Amejifunza kusuka katika kikundi cha akina mama pale Masii, na alidhani kilichobaki ni kufungua tovuti, kusoma mchoro na kusuka.

Mama tulimwita mwaitu, kama watoto wote wa kwetu. Mwaitu alisuka akitembea. Alisuka akitoka kanisani, alisuka akingoja maji yajae polepole katika shimo la mchanga mtoni, punda akipiga kwato pembeni. Mpaka leo nikisikia uzi wa katani ukivutwa, ule mkwaruzo mfupi, naona kama kuna sufuria ya muthokoi, yale mahindi yetu ya kukobolewa, jikoni na mtu wa kuipakua. Kiondo cha mwisho alichokishika alisema ni cha mdogo wangu, cha siku atakayoondoka nyumbani. Alifariki kikiwa nusu, nyuzi za kusimama zikining'inia juu kama nywele za mtu ambaye hajamaliza kusukwa. Baba alikuwa ametangulia. Susu, nyanya yetu, alikitundika jikoni penye moshi ili mchwa wasikiguse. Mimi nilikuwa darasa la nane. Sikurudi shule, nilienda kufyatua matofali, na mdogo wangu, aliyekuwa na miaka sita, nikampeleka darasa la kwanza mimi mwenyewe, nimemshika mkono.

Siku za soko tulibeba mbaazi za Susu hadi Masii. Siku moja mvua ilitukimbiza hadi kwenye mlango wa saiba, duka la kompyuta lenye mashine tano na feni moja iliyolia kama kuku anayetaka kutaga. Dada mwenye saiba alitutazama, akatazama matope tuliyomwachia, akasema mlangoni kwake hapasimamwi bure, anayesimama anafagia. Tulifagia. Soko lililofuata tulirudi kufagia bila kuitwa, nikamletea na mitungi miwili ya maji. Akatupatia mashine ya pembeni, ile ambayo herufi zake nusu zilikuwa zimefutika.

Sijui kama wewe unakumbuka mtandao ulivyokuwa siku hizo, kabla kila mtu hajawa nao mfukoni. Tuliuingia kama watu wanaoingia shamba la tajiri, kwa adabu. Dada wa saiba alikuwa na daftari la mistari ambamo aliandika tovuti alizozipenda. Alisema wateja wake wote huja kutuma barua za kazi na kuondoka na nyuso ndefu, hakuna anayekuja kucheza. Kulikuwa na moja ambapo ukichora mtu wa vijiti anaamka na kutembea. Mdogo wangu alimchora Susu na fimbo, Susu akavuka skrini akichechemea, nasi tukacheka hadi mteja mmoja akatuambia twende tukachekee kwetu. Kulikuwa na moja ya kutengeneza muziki kwa kubofya vitufe, na nyingine ambapo watu wa mbali walionyesha vitu walivyounda kwa makopo na vitambaa.

Halafu kulikuwa na ile ya miraba. Ilikuwa karatasi tupu ya vijimraba. Unachagua rangi, unabofya, mraba unajaa. Ukimaliza unaiweka pale watu wote waione, na wenye kufuma masweta au kutarizi vitambaa wanaichukua na kuitumia. Nilipoiona, mkono wangu ulisimama. Miraba ile ilikuwa kiondo kilichonyooshwa.

Ninapotoka, mwanamume hasuki kiondo. Kijana akionekana na uzi wa katani ataitwa majina mpaka azeeke. Lakini kubofya si kusuka. Pale saiba hakuna aliyeweza kunicheka.

Nilianza kwa kukitazama kiondo cha mwaitu na kunakili. Haikuwezekana. Moshi ulikuwa umekifanya cheusi chote. Nikamuuliza Susu, ambaye macho yake tayari yalikuwa yamepata ukungu, mtu hujifunzaje kiondo cha mwingine. Alinijibu akiwa anapepeta kunde.

"Kiondo hujulikana kwa kufumuliwa. Lakini usilale nacho kikiwa kimefumuliwa. Kabla jua halijazama, kiwe kimesukwa tena."

Nilisikia nusu ya kwanza.

Nilikibeba hadi saiba na kuanza kukifumua kutoka juu, mstari mmoja mmoja. Ndani ya mizunguko, mahali moshi haukufika, rangi zilitoka kama zilitiwa jana: nyekundu, nyeusi, na weupe wa katani yenyewe. Mdogo wangu alinihesabia, mimi nikabofya. Nyekundu tatu, nyeusi moja, nyeupe mbili. Kila uzi niliuzungusha kwenye gunzi la mahindi, kila rangi na gunzi lake, kwa kuwa napenda vitu vikiwa nadhifu. Ilituchukua masoko manne. Mistari ilikuwa arobaini na mmoja. Nilifumua hadi kitakoni.

Nilimwambia dada wa saiba kwamba naogopa, kwamba sasa kiondo hakipo. Alicheka kwa upole. "Karatasi huliwa na mchwa. Kiondo huliwa na mchwa. Mtandao hauna mchwa, kijana. Kiko salama kuliko kilivyokuwa."

Nilimpelekea Susu maneno hayo kama zawadi. Nilimwambia kiondo cha mwaitu sasa kiko mahali dunia nzima inakiona na mchwa hawakifikii. Alipapasa ungo mbele yake.

"Na mtu anakishika wapi?" akauliza.

Hakuuliza tena mpaka tulipomzika.

Lakini nisikudanganye, kulikuwa na furaha. Mchoro niliupa jina Mwaitu. Baada ya wiki chache mtu wa nchi yenye theluji aliweka picha ya sweta la mtoto, na kifuani mwa sweta ulipita mchoro wa mama yetu. Mdogo wangu alitaka kumwonyesha kila mtu aliyeingia saiba. Alimwonyesha hadi muuza mkaa. Alikuwa hakumbuki sauti ya mwaitu wala uso wake, lakini ule mchoro aliujua, na tangu hapo akiulizwa mama yake yuko wapi, alisema yuko kwa saiba. Watu walimwonea huruma. Mimi niliona nimefanya jambo la maana.

Dada wa saiba alikuwa amenifundisha kanuni moja: chochote kinachoruka juu ya ukurasa kwa rangi kali ni tangazo, na tangazo ni mtego, lifunge kwa ile alama ya mkasi, ile X ya pembeni. Kwa hiyo kilipoanza kutokea kibao cha manjano juu ya miraba yetu, nilikifunga. Kilirudi kila nilipofungua, kwa miezi kadhaa, na mimi kila mara nikakifunga haraka, nikijisifu kwamba sidanganyiki. Kiingereza chake kilikuwa chepesi, ningeweza kukisoma. Sikukisoma.

Nilipata kazi ya kiwanda huko Mavoko, nikawa natuma karo nyumbani. Siku moja wakati wa chakula cha mchana nilikopa simu ya mwenzangu ili nimwonyeshe kazi ya mama yangu. Ukurasa ulikuwa mweupe. Ulisema jina la tovuti linauzwa. Nilijaribu tena kesho yake, na mwezi uliofuata. Ndipo nikaelewa kibao cha manjano kilikuwa kinasema nini: chukueni vitu vyenu, tunafunga.

Nilimficha mdogo wangu jambo hilo. Mwanzo kwa sababu alikuwa na mtihani. Kisha kwa sababu alikuwa na mtihani mwingine. Saiba nayo ilikuwa imefungwa. Siku hizi pale panauzwa mabati, na dada yule aliolewa Kithyoko, nasikia. Miaka minane nimekuwa nikimwambia mdogo wangu kwamba mchoro upo, tutaufungua siku yake ikifika.

Jumamosi hiyo siku yake ilifika. Nilirudi kutoka kwa ng'ombe, nikaketi kwenye ngazi chini yake, nikamweleza yote, kibao cha manjano na simu ya Mavoko. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hivyo ulikuwa unajua," akasema.

"Nilijua."

"Mimi sililii tovuti, kaka. Tovuti hufungwa. Wewe ungeniambia nikiwa mdogo, wakati bado tulikuwa tunakumbuka miraba."

Alilala bila kula. Kesho yake alienda kanisani peke yake, nami nikapanda darini kutoa mfuko wa unga ambamo niliweka kitako cha kiondo na yale magunzi matatu. Mchwa hawakuwa wamegusa kitu. Nikuambie, hilo ndilo lililonikata maini. Vitu vyote vya mwaitu vilikuwepo, kila uzi wake, ila mpangilio. Kama ningezungushia nyuzi zote gunzi moja kwa zamu, mpangilio ungesomeka wenyewe kutoka nje kwenda ndani. Nilizitenga kwa rangi, kwa unadhifu.

Aliporudi alikuta nimevitandaza kwenye mkeka. Hakunisalimu. Alikaa, akaloweka nyuzi, akainyoosha ile ya kwanza kwenye goti.

"Sema," akasema.

Nilifumba macho na kuweka kidole hewani, kama nimeshika kipanya, nikianza na mstari wa kitakoni, ule tulioubofya mwisho. Kidole kilikumbuka kabla yangu. Nyekundu tatu, nyeusi moja, nyeupe mbili. Alisuka. Mstari wa pili, wa tatu. Tulifika mstari wa kumi na mmoja na kidole kikasimama. Nilingoja. Nilijaribu kusikia sauti yake ya utotoni ikihesabu. Hakuna kilichokuja.

"Wa kumi na mbili sijui," nikasema.

Aliniwekea kiondo mapajani na uzi mwekundu mkononi. "Wewe ndiye ulifumua. Shika."

Alinionyesha jinsi uzi unavyopita mbele na nyuma. Vidole vyangu ni vya matofali, vilishika katani kama vinashika mwiba. Jirani yetu mama mmoja alipita njiani na mtungi, akasimama.

"Kumbe nyumba hii wanaume wanasuka? Leo niko na habari ya wiki nzima."

"Mwambie na mzee wako aje afundishwe," mdogo wangu akamjibu, na ilikuwa mara ya kwanza tangu jana kumwona akikaribia kucheka.

Jua lilikuwa limefika kwenye mwembe wa jirani. Nilimaliza mzunguko ule kabla halijazama. Umekaa upande, kila mtu anaweza kuuona. Mistari yote inayofuata atasuka yeye, kwa mkono wake na kwa rangi atakazozipenda. Mchoro wa mwaitu, ule wenyewe, labda uko kifuani mwa sweta mahali kwenye theluji, na mtoto aliyelivaa ameshakuwa mtu mzima, na sweta limeshakuwa tambara la kupangusia meza. Sina namna ya kujua. Siku ya ntheo, wazee watakapokuwa wanazungumza na mimi nikitakiwa kuitikia, najua macho yangu yatakuwa wapi. Yatakuwa yanahesabu kutoka kitakoni, moja hadi kumi na moja, kisha yatafika pale palipopinda.