Picha Niliyosema Imeingia Mwanga

Mbwa walipoletwa Kasongo nilikuwa na miaka ishirini na minane, na kazi yangu ilikuwa kupiga watu picha. Chumba changu kilikuwa nyuma ya duka la nguo la mjomba wangu, hatua chache kutoka msikitini. Kazi hiyo alinifundisha mfanyabiashara mmoja Mgiriki. Alipohama aliniachia kamera yake, kwa kuwa ile ngozi yake ya kukunjuka kama kodiani ilishaanza kutoboka na hakuona haja ya kuibeba. Matundu niliyaziba kwa gundi na vipande vya kitambaa cheusi. Nilipiga picha za vitabu vya kazi, za maharusi, za watoto waliotoka kutahiriwa. Mji wote ulijua kamera yangu ni mbovu, na bado walikuja.

Siku moja askari alileta barua kutoka kambini. Luteni Mbeleji aliyekuwa mkubwa wa kambi alinitaka niwe kule kila asubuhi mpaka mafunzo ya mbwa yaishe. Haikuwa barua ya kuomba.

Mbwa walikuwa sita. Walifika kwa treni hadi ng'ambo ya mto Lualaba, wakavushwa na kivuko ndani ya makasha ya mbao, na watu waliokuwa wakingoja kuvuka walirudi nyuma. Sisi mbwa tuliowajua ni wale wadogo wa wawindaji, wasiobweka, wanaofungwa njuga za mti shingoni ili wasipotee porini. Hawa walikuwa na urefu wa kunifika kiunoni, mgongo mweusi, masikio yamesimama, na walipobweka kambini tuliwasikia mpaka sokoni.

Mama yangu hakunikataza kwenda. Aliweka ndoo ya maji na kibakuli cha udongo nje ya mlango wa uani, na kila nikirudi nilinawa mara saba, moja kwa udongo, kisha nikavua suruali nje kabla ya kuingia.  Msikitini nako, mstari ulipopangwa mtu wa kulia na wa kushoto walisogea kidogo, nikabaki na nafasi pande zote mbili kama mgonjwa.

Luteni alitaka picha za kupeleka kwa wakubwa wake, zionyeshe kwamba askari mweusi anaweza kumshika mbwa wa Ulaya na kumwongoza. Kila mbwa alikuwa na askari wake. Amri zilikuwa za Kiflama, lugha moja ya Wabeleji, na askari walizikariri kama sisi tulivyokariri Kurani utotoni, sauti kamili na maana hakuna. Mbwa walizielewa kuliko waliozitamka.

Siku za kwanza niliharibu karibu kila picha. Nilipobonyeza, mbwa alikuwa ameshapita, nikapata mkia na vumbi. Aliyeniokoa ni kaporali mmoja, Mubangubangu wa upande wa Kabambare, mtu mzima kuliko wenzake, mwembamba, asiyependa maneno. Mbwa wake alikuwa jike. Jua likikaza kaporali alikuwa akichota maji kwa kiganja na kumlowesha masikio, na kumpikia alipika mwenyewe, hakumwachia mpishi. Aliniona nikihangaika, akanijia wakati wa mapumziko.

"Usitazame miguu, yaya," aliniambia; yaya kwetu ni kaka. "Tazama mukia. Mukia ukisimama, hapo anaruka."

Kuanzia hapo picha zangu zilitoka. Nyingi nzuri zilikuwa zake na yule jike, kwa sababu kabla hajamwachia alinitupia jicho ajue kama niko tayari. Sikumbuki mtu mwingine aliyewahi kuijali kazi yangu namna ile.

Mafunzo ya kushika mtu yalianza na askari aliyevaa koti la magunia lililojazwa sufi. Alikimbia, mbwa akamfuata, akamng'ang'ania mkono, askari wengine wakacheka. Baada ya wiki mbili luteni alisema mbwa wameshalijua lile koti, wanacheza tu. Akaomba wafungwa kutoka buloko, jela ya mji, akaletewa watatu.

Mmoja alikuwa mkulima wa Lusangi, Mkristo, mtu wa makamo aliyefungwa kwa sababu shamba lake la pamba la lazima lilikutwa na majani yasiyopaliliwa. Walimfunga gunia mkono wa kushoto peke yake. Alipoona nimevaa viatu na nina kamera, alidhani nina sauti mbele ya Wazungu. Alinisogelea akaniambia amebakiza siku nne atoke, niwaombe wamtumie mwingine. Nilimjibu kwamba mbwa hawa wamefundishwa kushika mkono tu, asiogope. Niliamini nilichosema. Na hata kama nisingeamini, sijui kama ningekwenda kumwombea.

Waliambiwa wakimbie mmoja mmoja. Zamu yake ilipofika, kaporali alimwachia jike, jike akamfikia katikati ya uwanja, akaushika mkono wa gunia vizuri kama alivyofundishwa. Yule mtu akaanguka. Kaporali akatamka neno la kuachia, na mbwa akaachia, akarudi, akakaa pembeni ya mguu wake. Ilikuwa imekwisha.

Luteni akaniuliza kama nimepata. Nilimwambia sikupata, vumbi lilikuwa jingi. Hilo lilikuwa kweli. Akasema irudiwe, mtu abaki pale pale chini, na mimi nisogee karibu.

Kaporali hakumwachia mbwa. Alisema kwa sauti ya chini kwamba gunia limefunguka. Kweli lilikuwa limefunguka, mfungwa alikuwa akijaribu kulifunga kwa meno. Luteni akanyoosha mkono kuelekea yule mtu, akarudia amri. Kaporali akafungua kamba, na alipoifungua aligeuza uso. Nikatazama mkia, ukasimama, nikabonyeza.

Jike alimshika paja. Mfungwa alipiga ukelele mmoja tu, kisha ikawa pumzi. Neno la kuachia lilitamkwa mara tatu bila kufaa kitu, maana damu ilishamwingia mbwa mdomoni. Kaporali alikimbia, akayapanua mataya ya jike kwa mikono mitupu, akatoka na vidole vimechanika. Mimi nilikuwa nimesimama na kamera kifuani. Sikupiga hatua hata moja.

Mfungwa alipelekwa hospitali. Siku nne zake zilikwisha akiwa kitandani. Baada ya wiki taya zilimkaza, hakuweza kumeza hata maji, na pepopunda ikammaliza.

Mfungwa alikuwa wa mkuu wa teritwari, Mzungu mtawala wa wilaya, hakuwa wa jeshi, na yeye na luteni hawakupatana. Mkuu wa teritwari akaitisha maulizo. Luteni aliandika kwamba kaporali alikuwa amelewa na alimwachia mbwa bila amri. Hayo aliniambia karani wa ofisi ya mkuu, rafiki yangu wa tangu shule, akaniambia pia kwamba nitaitwa.

Filamu nilikuwa nimeshaisafisha. Ilikuwa inaning'inia kwenye uzi, haijakauka. Ile picha ilitoka vizuri kuliko zote nilizowahi kupiga. Luteni alionekana na mkono umenyooka, kidole kikielekeza. Kaporali uso umegeukia kando, kamba imelegea mkononi mwake. Mbwa yuko hewani. Mtu chini, gunia limemtoka mkononi. Hakuna ambacho mtu angehitaji kueleza.

Luteni alikuja mwenyewe, mchana, akapita katikati ya duka bila kumsalimu mjomba wangu. Akaiona filamu, akaisogeza dirishani, akaitazama kwa muda. Aliniuliza kama nimeshatoa picha yoyote kwenye karatasi. Nikasema hapana. Aliishusha kutoka kwenye uzi, akaikunja ikiwa na maji, akaitia mfukoni mwa shati.

"Hii imeingia mwanga," akasema. "Kamera yako iko na matundu. Si ndiyo?"

"Ndiyo, bwana."

Hakunitisha, na hakuniahidi kitu. Miaka mingi nilijaribu kukumbuka kama alinitisha, maana ingenisaidia. Alisema maneno hayo tu, nami nikaitika kabla hajamaliza kuvuta pumzi.

Kwenye maulizo niliapishwa kwa Kurani. Mkuu wa teritwari aliuliza kwa Kifaransa, karani akanigeuzia kwa Kiswahili, ingawa nilikuwa nimeshaelewa. Aliuliza iko wapi picha ya siku ile. Nilisema kamera yangu ina matundu, mwanga uliingia, picha iliungua. Aliuliza basi niliona nini kwa macho yangu. Nilisema nilikuwa nimeinamia kamera.

Kaporali alikuwa amesimamishwa ukutani bila mkanda, vidole vimefungwa vitambaa. Nilidhani atanipigia kelele. Alinitazama kwa utulivu, kama mtu anayemngoja mwenziwe amalize kunywa ili ampokee kikombe. Mkuu wa teritwari alifunga daftari lake kwa hasira, lakini hasira hiyo haikumsaidia mtu. Kaporali alichapwa fimbo mbele ya kambi nzima, akavuliwa cheo, akafungwa miaka miwili.

Baada ya mavuno ya mpunga nilipanda baiskeli kwenda Lusangi. Nilikuwa nimejiambia kwamba nikimwambia ukweli mke wa marehemu, nitapata usingizi. Nilimkuta kwenye pamba. Aliponiona aliacha jembe na kusimama wima, kwa kuwa alidhani nimetumwa kukagua shamba, na akaanza kunieleza kwamba majani yale ya pembeni atayamaliza kabla ya Jumamosi. Shamba lilikuwa limeandikwa jina lake sasa. Hakuna aliyemfutia hata mstari mmoja wa pamba.

Nilimwambia mimi ni nani. Nikamweleza yote, mkono wa luteni, filamu, Kurani. Alisikiliza akiwa amekaa juu ya tuta. Nilipomaliza aliniuliza kama nikiyasema hayo kwa Wazungu mume wake atarudi. Nikasema hapana. Akauliza kama watamwondolea pamba. Nikasema sidhani.

"Basi, baba, usiniletee maneno ya kubeba," akasema. "Miye niko na mizigo tayari."

Akaniambia kuna maji kwenye mtungi nyumbani, ninywe kabla sijaondoka, akarudi kwenye majani yake. Sikunywa. Niliona haya kuingia nyumba ile.

Mvua zilipokuja mbwa wakaanza kukonda. Ndorobo wa huku, wale nzi wa malale, hawajali kama mnyama ametoka Ulaya. Macho yaliwafanya ukungu, miguu ya nyuma ikalegea. Yule jike alikuwa amekwisha kukataa chakula cha askari mwingine tangu kaporali alipofungwa, akatangulia kufa. Kabla ya kiangazi wote sita walikuwa wamefukiwa nyuma ya kambi. Luteni alikwenda likizo kwao na hakurudi, akaja mwingine ambaye hakupenda mbwa. Uwanja ule wakaulima mihogo. Picha zangu sijui kama zilifika kwa wakubwa wa luteni, wala kama mtu alizitazama.

Kaporali alikuja chumbani kwangu alipofunguliwa. Nilimjua kwa vidole, maana uso ulikuwa umeingia ndani. Alitaka picha ya kitabu cha kazi, anakwenda kwenye machimbo ya dhahabu upande wa Salamabila, kwao Kabambare hakuna aliyebaki wa kumpokea. Nilimkalisha kwenye kiti. Mikono yangu ilikuwa inatafuta kitu cha kufanya, nikafuta lenzi mara mbili tatu. Aliuliza habari za mbwa wake. Nikamwambia amekufa. Akatikisa kichwa polepole.

Kisha akauliza, "Ile picha ilikuwa namna gani?"

"Ilikuwa safi," nikasema. "Kila kitu kilionekana."

"Nilijua. Nilikuona umebonyeza."

Nikamwambia nitaandika barua. Luteni amekwenda, mkuu wa teritwari ni mpya, nitaandika yote niliyoyaona na kutia sahihi. Nilisema kwa haraka, kama mtu anayeogopa kukatizwa. Alinisubiri nimalize.

"Nani atasoma, yaya?"

 Alinyoosha mgongo, akatazama kamera, nami nikampiga picha. Siku ya pili alikuja kuichukua, akaitia ndani ya kitabu chake, akanishukuru kwa mikono miwili kama inavyotakiwa, akaondoka. Barua sikuiandika.

Kwa miaka kadhaa niliwauliza madereva wa malori waliotoka machimboni kama wanamjua mtu mwembamba, Mubangubangu, mwenye makovu vidoleni. Mmoja aliniambia kule karibu kila mtu ana makovu vidoleni. Mwingine aliniambia watu wa mashimoni huitwa kwa namba, na shimo likianguka namba hupewa mtu mwingine kesho yake. Baada ya huyo sikuuliza tena.